Sura ya Nne: Safu ya Baki

Kaunta buku tuliinunua Mtaa wa Mkunguni, jioni ya kuamkia safari, maduka yakianza kushusha mageti. Kwaya mbili, jalada gumu. Mke wangu aliichagua kama anavyochagua kitenge: akaifungua katikati, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kuona kama gundi imeshika, akarudisha ya kwanza, akarudisha ya pili, ya tatu akaipakata. Muuzaji akamuuliza, "Ya madeni, dada?"

"Ya safari."

Kijana akacheka. "Safari nayo inaandikiwa kaunta buku? Si una simu?"

Nilicheka naye, maana na mimi nilikuwa na wazo hilohilo. Simu inapiga picha, inarekodi video, inakuonyesha hata ulipo. Daftari la nini? Sura hii ni jibu la swali hilo, na nakiri mapema kwamba jibu silo nililolitarajia.

Sisi ni watu wa fremu moja. Tunauza kanga, vitenge na mashuka kwa jumla, karibu na Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kwa miaka tisa tulikuwa tunafunga marobota, tunaandika kwa wino mzito jina la mteja na mji wake, tunayapakia kwenye mabasi ya mikoani. Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma. Mzigo unaondoka, pesa inaingia kwa simu, wiki inayofuata tunafunga mwingine. Miji hiyo niliijua kwa namba za simu na kwa sauti za wanawake wanaolalamika kwamba rangi ya njano haitoki. Sikuwahi kukanyaga hata mmoja. Kariakoo ndivyo ilivyo: wenzetu wenye mitaji mikubwa wanaijua Guangzhou kuliko Gairo.

Juni 2022, shule zilipofungwa, tuliwapeleka watoto kwa bibi yao Mbagala, tukamwachia duka kijana wetu, tukasema safari hii tutaufuata mzigo wenyewe. Siku saba, Noah yetu, kutoka Kariakoo mpaka Tunduma mpakani na kurudi.

Daftari lenye safu tano

Ukipita duka lolote la jumla Kariakoo, liwe la Mkinga, la Mchaga au la Mpemba, madaftari ya madeni yana sura moja: tarehe, jina, bidhaa, kiasi, amelipa, baki. Hiyo safu ya mwisho ndiyo mwenye duka anayoisoma kwanza akifungua asubuhi. Iliyolipwa imeshalipwa. Kilichobaki ndicho kinachomtoa mtu kitandani. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiku ule mke wangu alichukua rula akapiga mistari kurasa ishirini za mwanzo. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili mahali. Ya tatu kilichotoka, yaani pesa. Ya nne kwa nini. Ya tano akaandika kwa herufi kubwa: BAKI.

"Safari ina baki gani?" nikamuuliza.

"Ahadi ni deni, baba watoto. Humo tutaandika tunachodaiwa na nafsi zetu."

Tukakubaliana masharti matatu. La kwanza, kila siku iandikwe kabla ya kulala, hata kama macho yanafumba. La pili, yeye aandike kwa wino wa bluu na mimi kwa mwekundu, na asiwepo wa kumfutia mwenzake. La tatu, kila picha itakayopigwa iandikiwe sababu yake. Hilo la tatu lilikuwa la kwangu, na nililiweka kwa ubahili tu. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikataka tupunguze picha za ovyo.

Tuliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Gari linasoma kilomita 148,212. Saa hiyo Kariakoo imeshaamka. Maguta yanasukumwa kutoka Gerezani, mama mmoja anawasha mkaa wa supu kwenye kona ya Msimbazi na Uhuru, na wabeba mizigo wamekaa juu ya mabegi matupu wakisubiri magari. Soko kuu lilikuwa limezungushiwa mabati. Jengo lile lenye paa la miavuli ya zege, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Jirani yetu mmoja aliyekuwa na kizimba ndani alituambia kwamba bidhaa zilimuuma siku tatu, lakini daftari lilimuuma mwaka mzima. Waliokuwa wanamdai walikumbuka kila senti. Aliokuwa anawadai walisahau.

Nilipokata kona ya Uhuru niliwatazama wale wabeba mizigo kwa namna nyingine kidogo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na watu kama wao. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, hapa ndipo walipokaa wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya Waswahili ikakitengeneza: Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walibeba unga, risasi na majeruhi kupita Morogoro, Iringa na kusini ya mbali, kwa miguu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Safari ndefu kuliko zote zilizowahi kutembewa na watu wa soko letu zimeacha maandishi machache mno ya wenyewe waliozitembea. Zimeacha jina la mtaa.

Faini, twiga na mlima

Njia nane za Kimara hadi Kibaha zilitupitisha haraka, nami nikazoea mwendo. Baada ya Chalinze, kwenye kijiji cha mwendo wa hamsini, trafiki akajitokeza na tochi yake. Sitini na tatu. Kosa langu, sikubisha. Jioni mke wangu aliandika hivi: "Kilichotoka: sh 30,000. Kwa nini: haraka ya baba watoto. Baki: uvumilivu." Nikachukua wino mwekundu nikaandika pembeni: "Nakubali."

Mstari huo mmoja ulinifundisha jambo kuhusu kuandika safari ya watu wawili. Kama ningekuwa naandika peke yangu, faini ile ingekuwa kisa cha askari. Daftari lenye wino wa rangi mbili halimwachii mtu kujitengeneza.

Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita hamsini hivi. Mchana mwendo ni sabini, na kuna mabango yanayoorodhesha faini za kumgonga mnyama mmoja mmoja, kama orodha ya bei ya bucha. Nilipunguza mwendo kwa ajili ya twiga watatu waliosimama karibu kabisa na lami. "Piga picha," nikamwambia. Alikuwa ameshika simu, lakini hakuipandisha. "Twiga nimeshawaona," akasema. Kilomita chache baada ya kutoka hifadhini akaipandisha ghafla akapiga kitu upande wa kushoto. Nilipogeuka niliona nguzo mbili na bango likipita. Sikuuliza.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu vilivyofungwa kwenye nyavu nyekundu, tukaanza kuupanda Mlima Kitonga saa tisa alasiri. Hapo ndipo safari iliposimama.

Lori lililobeba kontena lilikuwa limekufa kwenye kona, limelala nusu ya barabara. Utingo alikuwa ameshakata matawi akayatandaza kwenye lami nyuma yake, ishara ambayo kila dereva wa nchi hii anaijua, na alikuwa amesogeza mawe mawili chini ya matairi. Magari yaliyokuwa yanashuka yalipishwa kwa zamu, yetu yakasubiri. Dereva wa lori la mbele yetu, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alitandika kipande cha boksi kwenye kingo ya barabara akatukaribisha tukae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnaenda msibani?"

"Hapana. Tunatembea tu."

Alitutazama kama watu tuliosema tunaenda mwezini. Barabara hii haijajengwa kwa ajili ya kutembea tu. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilibanwa njia ya kwenda baharini, na mafuta yake yakalazimika kupita huku, juu ya vumbi na matope. Malori yaliyoanguka mabondeni yalikuwa mengi kiasi kwamba madereva waliiita njia ya jehanamu. Lami ilikuja baadaye, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa sababu hiyohiyo. Mzee yule alisema baba yake alikuwa utingo enzi za vumbi. Nikamwuliza kama aliwahi kuandika aliyoyaona. Akacheka. "Aandike nini? Aliishika breki."

Tulikaa pale saa mbili. Simu hazishiki vizuri. Tulikula mahindi ya kuchoma ya vijana waliokuja mbio wakijua foleni ni soko. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuweza kukumbuka mara ya mwisho tulipokaa saa mbili bila mteja, bila mtoto na bila mlio wa simu. Nikatoa daftari. "Tuandike baki," nikasema, na bila kufikiri mara mbili nikaandika kwa wino mwekundu: "Fremu ya pili, kabla ya Desemba 2023." Nikampa kalamu ya bluu. Akaishika muda mrefu, akaifunga kifuniko, akasema ataandika kesho.

Usiku tulilala gesti ya Ilula, uani kumejaa matenga ya nyanya yanayosubiri lori la Dar. Kwa masharti yetu, nikafungua picha za siku nzima ili tuziandikie sababu. Zilikuwa 31. Kitonga, kwa sababu ya foleni. Vitunguu, kwa sababu ya bei. Na mabango sita: shule ya sekondari fulani, sekondari fulani, sekondari fulani, mengine yamekatika nusu kwa sababu gari lilikuwa linakimbia.

"Haya ya nini?"

"Yalinipendeza."

Nikaandika "yalipendeza" mara sita, nikazima taa. Mume mpumbavu hajifichi hata gizani.

Daftari la Makambako

Makambako ina baridi inayoingia kwenye mifupa, na upepo haujui kupumzika. Mteja wetu wa pale, mama wa makamo mwenye duka karibu na stendi, tulikuwa tunamjua kwa sauti tu tangu mwaka 2013. Tuliingia dukani kwake tukiwa tumejifunga mashuka yetu wenyewe.

"Kamwene!" akatuamkia, kisha akatutazama sana. "Ndio nyie wa Kariakoo? Mbona wadogo?"

Mke wangu akapiga goti kidogo: "Shikamoo, mama." Akapokewa kwa kukumbatiwa, sio kwa "marahaba". Hatukulala gesti usiku ule. Alitupikia ugali na maharage, akatuwekea jiko la mkaa chumbani, akatuonya tusisahau kuacha dirisha wazi kidogo.

Kabla ya kulala tuliulizana hesabu, kama wafanyabiashara. Akaenda kabatini akarudi na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Miaka yetu yote tisa ilikuwa humo. Safu zake zilikuwa zilezile za Kariakoo, ila pembeni ya baki, palipo na nafasi, alikuwa na mwandiko mdogo uliolalia upande. Nilisoma mistari michache kwa taa ya simu:

"Kanga doti 40. Baki 210,000. Wa mwisho kaanza darasa la kwanza leo."

"Kanga doti 25, vitenge 10. Baki 95,000. Mvua imegoma, watu hawana hela."

"Amelipwa zote. Baki 0. Leo nimeezeka."

Nilimwuliza kwa nini anachanganya mambo ya nyumbani na ya biashara. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini chumvi inawekwa kwenye mboga. "Mwanangu, hela haina kumbukumbu. Ukiandika laki mbili peke yake, mwakani hujui ilikuwa laki mbili ya nini. Hapa naiona. Hii ni ya bati. Hii ni ya sare ya shule. Nikichoka nafungua najua sikukaa bure."

Mke wangu hakusema neno. Tulipoingia chumbani alichukua kaunta buku, akafungua ukurasa wa Ilula. Kwenye zile "yalipendeza" sita, bila kuufuta mwandiko wangu, akaandika mara moja tu, mstari unaopita chini ya zote: "Niliishia kidato cha pili." Akahamia safu ya baki. Akaandika neno moja: "Cheti."

Nilijua kwamba aliacha shule. Baba yake alifariki akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani, na ndugu wakaamua ada iende kwa kaka. Alinisimulia mara moja kabla hatujaoana, kwa sauti ya kawaida, nami nikalipanga jambo hilo pamoja na madeni yaliyofutwa. Kumbe kwenye daftari lake halikufutwa hata siku moja. Miaka kumi na mmoja alikuwa anauza, anabeba mimba, anafunga marobota, na safu ya baki ina neno lilelile. Na lau si lile sharti langu la kibahili la picha, ningerudi Dar na mabango sita kwenye simu, nikayafuta kupata nafasi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule kijana wa Mkunguni. Simu ilikuwa na kila kitu: mahali, saa, hata majina ya shule. Haikuwa na safu ya kwa nini.

Waliotutangulia

Mbeya na Tunduma niziseme kwa kifupi. Mwanjelwa, pale Mbeya, tulikusanya madeni, tukala ndizi. Tunduma tulikuta malori yamejipanga mpakani kilomita kwa kilomita, na tukakuta duka la mteja wetu mmoja limefungwa tangu mwaka uliopita. Majirani hawajui alikohamia. Laki sita na arobaini zimekwenda. Mke wangu aliandika kiasi hicho kwenye safu ya kilichotoka, na kwa nini: "kutofika mapema."

Tuliporudi nilianza kuwatafuta watu wengine waliowahi kusafiri wawili na kuandika. Kuandika safari si jambo geni kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Waswahili wenyewe. Humo Selim bin Abakari anaeleza alivyofika Urusi na Siberia, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Huyu Mtoro ndiye aliyenishika. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903, na mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1905 wakapanda meli kuja kwetu, waishi kama mume na mke. Serikali ya kikoloni ikawakatalia. Mweusi mwenye mke mweupe asingeruhusiwa kukaa kwenye koloni. Wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika kwa makini safari za miguu za watu wa pwani hakuruhusiwa kumaliza safari moja ya nyumbani akiwa na mkewe. Baki yake haikulipwa.

Wengine niliowapata wako mbali na kwetu, ila wamenifaa. Mwandishi Julio Cortázar wa Argentina na mkewe Carol Dunlop waliamua mwaka 1982 kusafiri kwa barabara kuu kutoka Paris hadi Marseille, njia ambayo gari huimaliza kwa siku moja, wakitumia zaidi ya mwezi mzima. Walijiwekea masharti kama yetu: wasitoke nje ya barabara, wasimame kwenye vituo viwili vya kupumzikia kila siku, na waandike. Walilala ndani ya gari lao la Volkswagen, wakaandika wadudu, vyoo, malori, chakula na joto la siku. Carol alifariki Novemba mwaka huohuo. Cortázar akamalizia kitabu peke yake, kikatoka mwaka 1983, na majina yote mawili yako kwenye jalada. Naye akafariki mapema mwaka 1984. Najua wapo watakaoona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Mimi naona watu wawili waliokaa Kitonga mwezi mzima kwa hiari yao.

Hesabu ya mwisho

Tulishusha mizigo Kariakoo siku ya saba usiku, gari linasoma 150,191. Kilomita 1,979. Kabla ya kulala tukafunga hesabu: mafuta 672,000, gesti usiku tano 150,000, chakula 245,000, pancha 25,000, faini 30,000, zawadi 178,000. Jumla 1,300,000, wakati tulipanga tusizidi milioni moja na laki moja. Madeni tuliyoyakusanya njiani yalikuwa 1,850,000. Ukitoa gharama hizo na zile laki sita na arobaini zilizopotea Tunduma, tulitoka na hasara ya shilingi 90,000. Kwa mtu wa duka hiyo ni safari mbaya.

Safu ya baki ilikuwa na mistari miwili tu yenye uzito: fremu ya pili, kwa wino mwekundu, na cheti, kwa wino wa bluu. Pesa ilikuwa ya mmoja. Wapo watakaosema mwanamume ndiye anayeamua. Mimi niliamua kusoma tarehe. Deni langu lilikuwa na wiki moja. La kwake lilikuwa na miaka kumi na saba. Kariakoo anayedai muda mrefu hulipwa kwanza.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iko katikati ya jiji, mwendo wa miguu kutoka dukani kwetu ukivuka Mnazi Mmoja. Imekuwepo hapo miaka yote tuliyokuwa tunapita kwenda benki. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na taasisi hiyo ikapewa sheria yake mwaka 1975, mwaka uleule soko letu lilipofunguliwa. Kwa aliyeacha njiani kama mke wangu, njia yenyewe haina siri: unaanza na mtihani wa maarifa, unaoitwa QT mitaani, ukifaulu unajisajili kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Januari 2023 alianza masomo ya jioni. Saa kumi anavua kitambaa cha dukani, anachukua begi, mimi nabaki na wateja. Kwa mara ya kwanza nilijua kazi yote aliyokuwa anaifanya kati ya saa kumi na saa mbili usiku.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kuandika safari yenu, usianze na kamera. Nunueni kaunta buku, kalamu mbili za rangi tofauti, na rula. Andikeni siku hiyohiyo, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa amejipamba. Andikeni pesa bila aibu. Mpigapo picha, ulizaneni ya nini, na jibu likiwa "imependeza", ulizaneni tena kesho yake. Gari si lazima. Mkipanda basi la Morogoro asubuhi na kurudi jioni, inatosha kujaza ukurasa. Kisha msikae na safu ya baki kama pambo. Mwenye duka huisoma kila asubuhi.

QT aliifanya Novemba 2023 akafaulu. Fremu ya pili bado hatujapata. Imeandikwa kwenye safu ya baki, kwa wino mwekundu, na tarehe yake ya kwanza imepigwa mstari.